Chujio la Akwariamu: Historia Yake, Samaki wa Tanganyika na Uchaguzi wa Chujio kwa Tangi Kubwa

Chujio la akwariamu ni chombo kinachopitisha maji ya tangi la samaki ndani ya sponji, changarawe au vipande vya kauri na kuyarudisha yakiwa salama. Wengi hulijua kwa kazi ya kunasa takataka, lakini kazi yake kubwa haionekani kwa macho. Ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwenye matamvua ya samaki na kwenye chakula kinachooza, kuwa nitriti na hatimaye nitrati ambayo madhara yake ni madogo. Ilichukua zaidi ya miaka 100 tangu matangi ya kwanza ya vioo hadi wafugaji walipoielewa kazi hiyo na kuunda vyombo vinavyoifaa. Kila aina ya chujio ilibuniwa kuziba pengo la ile iliyoitangulia. Kwa hiyo anayechagua chujio la tangi kubwa nyumbani, iwe Lubumbashi, Kigoma au Mombasa, huchagua vizuri zaidi akijua kila aina ilikuja kutatua tatizo gani.

Tangi lisilo na mashine

Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jaribio alilofanya kwa chombo cha kioo chenye samaki wawili wadogo wa dhahabu, mimea ya majini na konokono. Samaki walitoa hewa ya kaboni, mimea ikaitumia na kutoa oksijeni, nao konokono wakala majani yaliyooza. Maji yalikaa bila kubadilishwa na samaki wakaishi. Kutokana na jaribio hilo ilienea imani kwamba tangi lenye uwiano mzuri wa mimea na wanyama hujitunza lenyewe. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na kitabu cha Philip Henry Gosse cha mwaka uliofuata kiliwafanya watu wengi wa Uingereza watake tangi sebuleni.

Uwiano huo ulikuwa wa kweli, ila uliwezekana kwa samaki wachache tu. Matangi mengi yaliyojazwa samaki yaligeuka tope na uvundo ndani ya siku chache. Aliyetafuta njia nyingine alikuwa William Alford Lloyd, mfanyabiashara wa akwariamu wa London, aliyesimamia akwariamu ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864, kisha ile ya Crystal Palace, London, iliyofunguliwa mwaka 1871. Lloyd alijenga chini ya matangi hodhi kubwa la maji lililokaa gizani, akatumia pampu za mvuke kuyazungusha maji mchana na usiku. Maji yalishuka hodhini, yakapandishwa tena, yakaingia matangini kwa nguvu huku yakibeba viputo vya hewa. Akwariamu ya kituo cha utafiti cha Naples, iliyofunguliwa mwaka 1874, ilifuata utaratibu huo huo.

Lloyd alikuwa amegusa mambo mawili ambayo hadi leo ni msingi wa chujio lolote: maji yazunguke bila kusimama, na yapate hewa njiani. Aliamini kwamba oksijeni ndiyo inayounguza uchafu moja kwa moja. Hakujua kwamba kuta za mabomba na hodhi zake zilikuwa zimefunikwa na viumbe hai wanaofanya kazi hiyo.

Bakteria wagunduliwa kwenye maji taka

Ugunduzi ulitoka kwenye maji machafu ya miji. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, waliyapitisha maji taka polepole katika bomba la kioo lililojazwa mchanga na chokaa. Siku za mwanzo amonia iliyoingia ndiyo iliyotoka. Baadaye ikaanza kutoka nitrati. Walipopitisha mvuke wa klorofomu ndani ya bomba, nitrati ilikoma. Walipotia udongo mbichi kidogo, baada ya muda kazi ilianza upya. Mchanga peke yake haukuwa unafanya lolote, bali kitu chenye uhai kilichokaa juu ya chembe zake.

Karibu mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alifanikiwa kuwatenga viumbe hao na kuonyesha kwamba wako makundi mawili. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Wote hukua polepole, hung'ang'ania juu ya vitu vigumu kuliko kuelea majini, na hawawezi kufanya kazi bila oksijeni. Ili gramu 1 ya nitrojeni iliyo katika amonia igeuzwe kuwa nitrati, hutumika takriban gramu 4.6 za oksijeni.

Wahandisi wa miji walitumia ujuzi huo mapema. Kituo cha majaribio cha Lawrence, Massachusetts, kilichoanzishwa mwaka 1887, kilisafisha maji taka kwa vitanda vya mchanga na changarawe. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett wa Manchester walieleza njia ya kusafisha maji taka kwa kuyapulizia hewa pamoja na tope lililojaa bakteria. Miji mikubwa ya dunia ilifuata. Wafugaji wa samaki wa nyumbani walibaki nyuma: kwa karibu nusu karne walichuja maji ili yang'ae tu.

Umeme na mabwawa ya Katanga

Chujio linalofanya kazi saa 24 linahitaji nguvu ya kuliendesha, na nguvu hiyo ilifika majumbani pamoja na umeme. Katika Katanga umeme uliletwa na shaba. Mji wa Elisabethville, ulioitwa Lubumbashi kuanzia mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya machimbo. Mwaka 1930 kituo cha umeme wa maji cha Mwadingusha kwenye Mto Lufira kilianza kazi, na katika miaka ya 1950 vikafuata vingine, vikiwemo vya Nzilo na N'Seke kwenye Mto Lualaba. Sehemu kubwa ya umeme huo ilikwenda viwandani, nyingine ikaingia majumbani.

Wakati huo huo Katanga ilikuwa inajifunza kufuga samaki kwa chakula. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kituo cha utafiti wa mabwawa kilianzishwa Kipopo, karibu na Elisabethville, na perege wa mito na maziwa ya eneo hilo walizalishwa kwa wingi. Mwaka 1949 Elisabethville ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Wabelgiji na Waingereza kuhusu ufugaji wa samaki. Kenya nayo ilianzisha kituo cha Sagana mwaka 1948. Mabwawa ya vituo hivyo hayakuwa na chujio lolote. Tope la chini, mwani na jua vilifanya kazi yote, kwa sababu maji yalikuwa mengi mno kwa samaki waliokuwamo: bwawa la ekari moja lenye kina cha mita 1 lina takriban lita milioni 4.

Tangi la sebuleni halina tope hilo wala nafasi hiyo. Samaki 25 ndani ya lita 400 wana lita 16 tu kila mmoja. Kazi ambayo bwawa huigawa kwenye ardhi nzima, chujio hulazimika kuifanya ndani ya lita chache za sponji na kauri.

Enzi ya pampu ya hewa

Machujio ya kwanza yaliyoenea majumbani yaliendeshwa kwa hewa. Pampu ndogo ilisukuma hewa ndani ya bomba, viputo vikapanda na kuvuta maji pamoja navyo. Maji yalipita kwenye kisanduku chenye pamba ya kioo na mkaa, yakarudi tangini. Pamba ilinasa takataka, mkaa ukaondoa rangi na harufu. Kila wiki mfugaji aliitupa pamba chafu na kuweka mpya, bila kujua kwamba anatupa bakteria aliokuwa anawahitaji.

Katika miaka ya 1950 lilienea chujio la chini ya changarawe. Bamba la plastiki lenye matundu lililazwa sakafuni mwa tangi, changarawe ikamwagwa juu yake, na mabomba ya hewa pembeni yakavuta maji yashuke kupitia changarawe yote. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, tangi la kawaida lilipata eneo kubwa la kuishi bakteria, na haikuwa lazima kulitupa kila wiki. Samaki waliishi muda mrefu zaidi, na watu walithubutu kuweka matangi makubwa zaidi.

Chujio hilo lilikuwa na upungufu wa aina mbili. Kwanza, takataka zilijikusanya chini ya bamba mahali pasipofikika, na baada ya miaka michache zikaanza kuoza bila hewa. Pili, lilishindwa kwa samaki wanaochimba. Wengi wa jamii ya perege huhamisha changarawe kwa midomo ili kutengeneza viota. Wakishafunua bamba mahali pamoja, maji yote hupita kwenye tundu hilo na changarawe iliyobaki hukaa bila oksijeni.

Kelele nayo ilikuwa tatizo. Pampu ya hewa ya kawaida ina sumaku-umeme inayotikisa mkono wenye kiwambo cha mpira. Mahali penye umeme wa hertz 50, kama Kongo na Afrika Mashariki, mkono huo hutikisika mara 50 kila sekunde. Mtikisiko huingia kwenye meza, meza ikavuma, na mvumo huo hausiti usiku. Mpira ukichakaa, mvumo huongezeka na hewa hupungua. Tangi kubwa, lililohitaji hewa nyingi, lilihitaji pampu kubwa yenye mvumo mkubwa zaidi.

Samaki wa Tanganyika waingia majumbani

Katika kipindi hicho hicho samaki wapya walianza kufika Ulaya kutoka Ziwa Tanganyika, ziwa la kina cha mita 1,470 linalogawanywa na Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Wanasayansi walikuwa wameanza kuwaeleza zamani: George Boulenger wa London alimpa jina Tropheus moorii mwaka 1898, kutokana na samaki waliokusanywa na J. E. S. Moore. Msafara wa Kibelgiji wa mwaka 1946 na 1947 ulichunguza ziwa zima, na mwaka 1956 Max Poll alichapisha kazi kubwa kuhusu samaki wake wa jamii ya perege. Kituo cha utafiti cha Uvira, upande wa Kongo, kiliendeleza kazi hiyo. Georges Marlier ndiye aliyemweleza Tropheus duboisi mwaka 1959.

Biashara ya kuwasafirisha wakiwa hai ilianza kidogo kidogo mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupanuka katika miaka ya 1970. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa Mto Kongo kutoka Léopoldville, alihamia Burundi mwanzoni mwa muongo huo na kuanza kupeleka samaki wa Tanganyika ng'ambo. Kitabu chake kuhusu samaki wa ziwa hilo kilitoka mwaka 1978. Kadiri wapiga mbizi walivyochunguza miamba ya pwani, iligundulika kwamba samaki wa aina moja hubadilika rangi kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Hivyo majina ya vijiji yakawa majina ya biashara. Mfugaji wa Ujerumani au Japani huagiza Tropheus wa Moliro, au samaki mkubwa mwenye nundu kichwani, Cyphotilapia, wa Moba au Kapampa. Sehemu hizo ziko pwani ya Kongo na zilikuwa ndani ya mkoa wa Katanga hadi mikoa ilipogawanywa mwaka 2015.

Samaki hawa hawasamehe chujio dhaifu, na sababu iko kwenye kemia ya ziwa lao. Maji ya Tanganyika ni ya alkali, yenye pH ya kati ya 8.6 na 9.2. Amonia iliyomo majini ina sura mbili: moja haina sumu kubwa, nyingine huua. Katika nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na sura hiyo yenye sumu chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 hufika asilimia 5, na kwenye pH 9 hufika karibu asilimia 36. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa mito yenye maji laini angekivumilia kinaweza kumwua samaki wa Tanganyika kwa siku moja.

Tabia yao huongeza uzito wa tatizo. Tropheus hula mwani unaoota juu ya mawe, hula mchana kutwa na hutoa kinyesi kingi. Ni wagomvi, kwa hiyo hufugwa kundi kubwa ili ugomvi ugawanyike na mmoja asiandamwe hadi kufa. Cyphotilapia naye hupita sentimita 30. Wote wanataka tangi la lita 400 au zaidi. Tofauti kubwa ipo na samaki kama Nothobranchius guentheri wa Zanzibar, anayeishi kwenye madimbwi ya msimu na kutosheka na tangi dogo lenye sponji moja.

Chujio la nje na mota yenye sumaku

Jibu la tangi kubwa lilikuwa kulitoa chujio nje ya tangi. Kampuni ya Eheim ya Ujerumani, iliyoanzishwa na Gunther Eheim mwaka 1949, ilianza kuuza chujio la aina hiyo katika miaka ya 1960. Ni ndoo iliyofungwa kabisa, inayokaa kabatini chini ya tangi. Maji hushuka kwa bomba, hupita kwenye tabaka za sponji na kauri, na pampu iliyo kwenye kifuniko huyarudisha juu. Ndoo inaweza kubeba lita kadhaa za makazi ya bakteria bila kuchukua nafasi ya samaki, na samaki wanaochimba hawaigusi.

Utulivu wake ulitokana na mabadiliko ya mota. Katika pampu za zamani mhimili wa mota ulipita kwenye ukuta kuingia majini, na mahali hapo palihitaji mpira wa kuzuia kuvuja. Mpira ulisuguana, ukapiga kelele, ukachakaa, na maji yakavuja. Katika pampu mpya hakuna tundu lolote ukutani. Nyaya za umeme zimefunikwa kwa plastiki upande mmoja. Upande wa pili, ndani ya maji, kuna sumaku ya mviringo iliyovishwa kwenye mhimili mwembamba wa kauri. Umeme unapobadilisha mwelekeo, sumaku hufuata na kuzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika, ikigeuza rafadha ndogo inayosukuma maji. Maji yenyewe hulainisha mhimili na kuipoza mota.

Ubunifu huo ndio uliowezesha tangi kubwa kuwekwa hata chumba cha kulala. Ndio pia unaoeleza kelele zinazobaki. Chujio la aina hii likianza kukwaruza, mara nyingi ni hewa iliyonaswa chini ya kifuniko, chembe ya mchanga iliyoingia kwenye nyumba ya sumaku, au mhimili uliolika. Hewa huondoka kwa kuitikisa ndoo taratibu. Mchanga huondolewa kwa kufungua na kusafisha kwa brashi nyembamba. Mhimili uliolika hubadilishwa.

Maji yanayodondoka

Njia nyingine ya matangi makubwa iliiga vitanda vya maji taka. Maji hufurika kutoka tangini, hudondoka juu ya vipande vya plastiki vilivyo wazi hewani, kisha hukusanyika kwenye tangi la pili chini ya kabati na kupandishwa na pampu. Kwa kuwa bakteria hupata oksijeni kutoka hewani moja kwa moja, uwezo wa chujio hilo ni mkubwa sana. Katika miaka ya 1980 lilienea miongoni mwa wafugaji wa samaki wa baharini, hasa kutokana na makala za George Smit nchini Marekani mwaka 1986.

Ufugaji wa samaki wa baharini unaigusa Kenya moja kwa moja. Kwa miongo mingi wapiga mbizi wa pwani ya Kenya, kuanzia Shimoni hadi Kilifi, wamekuwa wakikusanya samaki wa mapambo kwa ajili ya masoko ya Ulaya, Marekani na Asia. Samaki hao hukaa kwanza kwenye maghala yenye maji yanayozungushwa na kuchujwa, ambako huachishwa chakula kabla ya safari ili wasichafue maji ya mifuko yao. Chujio bovu ghalani humpotezea mpiga mbizi kazi ya siku nyingi.

Ubaya wa maji yanayodondoka ni sauti. Maji yakishuka kwenye bomba pamoja na hewa hutoa mgugumio usiokoma. Wafugaji walijifunza kuidhibiti kwa valvu inayopunguza mteremko hadi bomba lijae maji bila hewa, na bomba la pili likabaki la dharura. Kazi hiyo inahitaji ustadi, na kosa dogo humwaga maji sakafuni.

Kwa upande mwingine, wazalishaji wa samaki walirudi kwenye vitu rahisi. Huko Hamburg walitenga upande mmoja wa tangi kwa kipande kimoja cha sponji kinachofunika upana wote, wakavuta maji kupitia sponji hiyo kwa hewa au pampu ndogo. Maji hupita polepole, bakteria hutulia, na sponji huoshwa mara chache kwa mwaka.

Sayansi ya karibuni

Kwa muda mrefu vitabu vilisema bakteria wa nitriti kwenye akwariamu ni Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba katika akwariamu za maji baridi kazi hiyo hufanywa hasa na Nitrospira. Mwaka 2005 watafiti walitenga kiumbe mwingine kabisa anayetumia amonia, asiye bakteria, kutoka kwenye changarawe ya tangi la akwariamu ya Seattle. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba baadhi ya Nitrospira hufanya hatua zote mbili peke yao, na mojawapo ya sampuli zilizotoa ushahidi ilitoka kwenye chujio la shamba la samaki. Ugunduzi huo unakubaliana na uzoefu wa wafugaji: chujio lililokomaa kwa miezi lina jamii ya viumbe iliyozoea maji yake, na si rahisi kuirudisha ikishauawa.

Kuchagua chujio la tangi kubwa Lubumbashi

Historia hii inatoa vigezo vinavyofaa mji wenyewe. Cha kwanza ni ukubwa wa makazi ya bakteria. Kati ya machujio mawili yenye pampu sawa, lenye ndoo kubwa ni bora, kwa sababu pampu husukuma tu, bakteria ndio wanaosafisha. Cha pili ni mwendo wa maji. Kwa samaki wakubwa wa jamii ya perege, wafugaji wengi hulenga maji yote yapite chujioni mara 4 hadi 6 kwa saa. Tangi la lita 400 linahitaji takriban lita 2,000 kwa saa. Kiasi kinachoandikwa kwenye boksi hupimwa mara nyingi chujio likiwa tupu. Likijazwa sponji na kauri, na maji yakipandishwa zaidi ya mita moja, hushuka sana. Machujio mawili ya kadiri ni salama kuliko moja kubwa: moja likiharibika lingine huendelea, na hayaoshwi siku moja.

Cha tatu ni oksijeni. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Maji ya nyuzi 25 yanayoweza kubeba miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita Mombasa hubeba takriban 7 tu Lubumbashi. Bomba la kurudisha maji lielekezwe juu ili uso wa maji utikisike wakati wote.

Cha nne ni umeme. Mji unaishi na makatizo ya umeme, na hapo chujio la ndoo iliyofungwa lina udhaifu wake mkubwa. Pampu ikisimama, bakteria waliomo humaliza oksijeni ya ndani haraka, huanza kufa, na maji yaliyonaswa huoza. Umeme ukirudi, maji hayo humwagwa juu ya samaki. Baada ya katizo la saa nyingi, ndoo inapaswa kufunguliwa, maji yake yamwagwe na sponji isuuzwe kabla ya kuwashwa. Ulinzi bora ni kuunganisha aina mbili: ndoo moja kwa kazi nzito, na sponji kubwa ya hewa ndani ya tangi. Pampu ya hewa ya wati 5 inaweza kuendeshwa usiku kucha na zaidi kwa betri ya gari ya volti 12 yenye inveta ndogo. Sponji iliyo wazi tangini hailimbikizi maji yaliyooza.

Cha tano ni sauti. Ndoo iwekwe juu ya mpira au sponji nene, isiguse mbao za kabati, na mabomba yasiegemee ukuta. Pampu ya hewa ining'inizwe au iwekwe juu ya usawa wa maji, jambo linalozuia pia maji kurudi ndani yake umeme ukikatika. Utulivu huo unawafaa samaki pia, kwani sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara 4 ya kasi yake hewani.

Cha mwisho ni matunzo. Sponji na kauri huoshwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kwa kukamuliwa mara mbili tatu hadi tope litoke, si chini ya bomba, kwa kuwa klorini ya maji ya bomba huwaua bakteria. Chujio jipya huendeshwa wiki 4 hadi 6, huku amonia na nitriti zikipimwa, kabla ya kundi kamili kuingizwa. Wiki hizo hufupishwa kwa kutia ndani yake sponji iliyokomaa kutoka tangi la rafiki lenye samaki wazima. Kazi ya bakteria hula pia alkali ya maji, kwa hiyo samaki wa Tanganyika huhitaji kubadilishiwa sehemu ya maji kila wiki, ili nitrati ipungue na pH isishuke. Hakuna chujio, la kale wala la kisasa, lililowahi kuchukua nafasi ya kazi hiyo.